Jiko la Ukutani

Mwanangu Saumu,

Salamu zangu utazipata kesho kwa mkono, nikikushika kichwa na kukuombea dua, kwa hiyo hapa siziandiki. Magharibi imekwisha swaliwa. Wewe uko uani umenyoosha miguu, wanawake wanakupaka hina, na ninawasikia wakicheka. Wanadhani nimeingia ndani kulia. Sijalia bado. Nimekaa juu ya sanduku lako na kalamu, naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni nilizokufundisha mwenyewe, maana hizo ndizo mkono wangu ulizozizoea.

Mambo ya unyumba sitayagusa. Somo yako amekufunda, na kama kuna alichosahau utakiona mwenyewe. Nataka kukueleza kwa nini nilifunga safari ya Mombasa peke yangu, niliona nini kule, na kwa nini nilirudi nimenuna nikakwambia posa ile irudishwe. Wewe ulisikia nusu. Nusu nyingine inaanza zamani, wewe ukiwa bado mgongoni.

Tulikuwa tukikaa Makorora, hapa hapa Tanga, mimi na baba yako. Nilipikia makaa kwenye kibaraza cha nyuma, na moshi wa makaa unaujua, ni mwepesi, ukishapepea moto ukashika unakwisha. Basi baba yako akaanza kuchelewa kurudi kutoka bandarini. Akifika, nikipokea shati lake, linanuka moshi wa makumbi ya nazi. Tena haikuwa harufu ya mtu aliyepita mbele ya nyumba ya watu. Ulikuwa moshi ulioingia mpaka kwenye mshono wa kola, moshi wa mtu aliyekaa jikoni akatulia. Na chakula changu akawa anakidonoa tu.

Nikajiambia, huyu analishwa mahali.

Sikumuuliza. Nilinusa kila shati. Nilipekua mifuko. Nilimtuma jirani amfuate, na jirani akarudi na maneno ambayo leo najua aliyatunga ili asirudi mikono mitupu: kwamba amemwona akiingia kwenye nyumba moja karibu na bandari na mlango ukafungwa. Nikawa namwandalia chakula na kumwambia, kula kama bado una nafasi. Yeye akanyamaza. Kunyamaza kwake nikakuona ni hatia. Tukagombana juu ya maji, juu ya bei ya makaa, juu ya jogoo wa jirani, juu ya kila kitu isipokuwa hicho kilichokuwa kinanila. Mwisho nikaidai talaka yangu mbele ya wazee, na mtu akidai sana hupewa.

Eda yangu ilipokwisha, alioa kweli. Watu wakaniambia, unaona, wewe ulikuwa unajua. Nikaikubali sifa hiyo. Nikawa mwanamke anayejua. Mashoga zangu wakipotewa na waume waliniletea mashati yao ninuse, nawe ulikuwa ukiniona nikifanya hivyo na ukicheka.

Mpaka shangazi yako Mwanate alipougua kitanda cha mwisho. Unakumbuka tulikuwa hatusemi naye, tangu maneno tuliyotupiana siku ya arobaini yako. Watu waliniambia, nenda, usiache mtu aondoke na kinyongo. Nikaenda kwake Chumbageni. Nikakuta mguu wake umevimba kama gogo, na akanieleza kwamba ulianza zamani, mguu huo, wewe ukiwa mchanga, asiweze hata kusimama mbele ya mafiga. Nikamuuliza ni nani basi aliyekuwa akimpikia. Akasema, "Kaka yangu Hamisi. Alikuwa akitoka kazini anapita hapa anawasha makumbi ananisongea ugali. Una madonge, lakini nilikula." Na akacheka, kwa sababu kwake ilikuwa ni hadithi ya kuchekesha, mwanamume mzima kupuliza moto machozi yakimtoka.

Alinificha kwa kuwa nilikuwa nimeapa mtu wa nyumba yangu asikanyage kwa Mwanate. Na pengine aliona haya kusema kwamba anapika. Pua yangu ilikuwa imesema kweli, mwanangu. Moyo ndio ulioitungia hadithi.

Sasa utaelewa nilivyokuwa siku mshenga wa Mombasa alipokaa kwenye jamvi letu. Nilimsubiri amsifu kijana. Nilitaka kusikia anaswali, ana heshima, mama yake ni nani. Yeye akasifu jiko. Akasema Athumani ni fundi wa stima, kama wanavyouita umeme kule kwao, na kwamba amejenga jiko ndani ya ukuta wa nyumba yao Kibokoni. Halitoi moshi. Halina majivu. Halichukui nafasi, sakafu yote iko wazi. Mke atapika amesimama wima kama karani. Na mtoto hafiki, akasema, mtoto hata asimame dede, hafiki. Hilo alilirudia mara nyingi kuliko yote, nami likanikera. Mchumba hajaonwa, jiko limekwisha sifiwa mara tatu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na lile la moshi ndilo lililoniogopesha zaidi, nitakwambia bila kuona haya. Nilifikiri, jiko lisilo na moshi ni jiko lisilo na ushahidi. Mwanamume akila huku na akila kule, shati lake litakuwa safi, na mwanangu atajuaje? Hapo ilikuwa tayari nimekwisha ambiwa habari za ugali wa Hamisi, na bado nikafikiri hivyo. Usidhani mtu akijua kosa lake huwa amelimaliza.

Kisha nikajua kwamba wewe na Athumani mmeonana tayari, pale hospitali ulipokuwa ukifanya kazi, alipokuja Tanga kutandaza nyaya. Nikashuku zaidi. Nikakwambia nakwenda Mombasa kununua kanga na kumtazama binamu yangu. Nilinunua kanga, kweli. Lakini mguu wangu wa kwanza ulikuwa Kibokoni.

Mama yake, Bi Fatuma, alinipokea vizuri mno, na hilo nalo nikaliweka pembeni nilichunguze baadaye. Akanipeleka jikoni. Nilitazama kwa jicho la kutafuta uwongo, na sikuupata. Tanuri la chuma limepachikwa ndani ya ukuta, juu, kimo cha kifua changu, mlango wake mzito kama wa kasha. Kando yake, juu ya kibao cha saruji kilichoinuka vile vile, sahani mbili za chuma za kuwekea sufuria. Unazungusha kifungo, unangoja, sahani inapata joto na moto huuoni. Bi Fatuma alioka mkate wa sinia, na ulitoka umeiva juu na chini sawasawa, bila kupaliwa makaa juu ya kifuniko, bila mtu kuungua vidole. Kuta nyeupe. Dari nyeupe. Nilipitisha kidole nyuma ya rafu nikitafuta masizi, na kidole kikatoka kama kilivyoingia.

Lakini nyumba ilikuwa inanuka makaa.

Harufu ilitoka uani. Nilipochungulia nikamwona mwanamke wa makamo, mwembamba, amekaa kwenye kigoda mbele ya seredani ya makaa, anakaanga mahamri. Bi Fatuma akaniambia huyo ni Zuhura, mtoto wa mdogo wake, anapika mahamri ya kuuza, na hapo hapo akageuza maneno. Nikauliza kwa nini hapiki humu ndani penye raha. Akasema, mwenyewe hapendi. Akafunga dirisha kidogo.

Basi nikaingia kazini kwangu kwa zamani. Shati la kazi la Athumani lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukumbini. Nilingoja Bi Fatuma aende kutawadha, nikalinusa. Makaa. Moyo wangu ukafurahi, na Mungu anisamehe, lakini ulifurahi. Alasiri ile nikakaa nyuma ya pazia, nikamwona mwenyewe anarudi kazini, haingii ndani, anakwenda uani, anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anapewa chai. Hawakusema neno. Alikunywa, akakaa, akainuka. Nikasema, haya, mke huyu hapa. Wamemficha uani kama mtumishi, na mwanangu analetwa awe pambo la jiko.

Alipoondoka nilimwendea yule mwanamke. Sijui ni nini kilichonisukuma nimuulize badala ya kuondoka kimya kimya na ushindi wangu. Pengine ni vile alivyonisogezea kigoda kabla sijafungua mdomo.

Nikamwambia, "Dada, mimi ni mama wa yule binti wa Tanga. Nataka kujua, wewe ni nani kwa Athumani?"

Akageuza andazi lililokuwa kwenye mafuta. Akasema, "Nalikuwa mkewe."

Kisha akanieleza, hali anaendelea kukaanga, na mimi nakuandikia kama alivyonieleza. Walipata mtoto mmoja, Omari. Alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Siku hiyo seredani ilikuwa chini, pale pale jikoni, mahali palipo kibao cha saruji sasa, na juu yake sufuria ya maharage. Yeye aligeuka kuchukua mbuzi ya kukunia nazi. Mtoto alitaka kitu cha kushika ili asianguke, akashika ukingo wa sufuria. Hakumaliza juma.

Baada ya hitima Athumani hakusema na mtu. Alikuwa amenunua tanuri bovu kutoka nyumba ya Mzungu iliyokuwa ikibomolewa, limelala uani na kutu. Akalibeba ndani, akaanza kulitengeneza, na kuvunja ukuta. Kila akirudi kazini ni nyundo. Majirani walidhani amerukwa na akili.

"Alipokwisha aliniita nitazame," Zuhura akaniambia. "Akaniambia, sasa mtoto hafiki. Nikamwambia, mtoto yupi?"

Hapo akaacha kukaanga, akaepua karai.

Hawakuweza tena. Yeye akilitazama jiko lile aliona limejengwa ili kumwambia kwamba angeweza kulijenga mapema, au kwamba yeye angeweza kugeuka mapema. Akaomba aachwe, akaachwa kwa wema. Lakini Bi Fatuma ni mama yake mkubwa, na mama yake mwenyewe hayupo tena, basi akabaki kwenye chumba cha uani. Nikamuuliza, na ile chai? Akasema Bi Fatuma akisikia jina la mtoto hulia siku nzima, kwa hiyo ndani hawamtaji. Athumani huja kukaa. "Hatuna la kuzungumza," akasema. "Ila mimi namkumbuka, naye anamkumbuka. Basi tunakaa." Akaniambia nikwambie usimwogope, hakuombei baya, na usimwite jikoni mle kwa ajili ya kumwonea huruma, kwa maana hataingia.

Mwanangu, nilikwenda kumtafuta mke wa siri nikamkuta mama aliyefiwa, na mkono wangu bado unanuka shati la watu. Ungedhani nilirudi Tanga nimelainika. Sikulainika. Ndani ya basi nilijijengea shuku nyingine. Nikasema, mwanamume ambaye huzuni yake imekaa uani kwa mwanamke mwingine, mwanangu atapewa nini cha kwake? Tena kwa nini mshenga alituficha? Nikashuka, nikaja moja kwa moja, nikakukuta unapiga pasi sare yako, nikakwambia posa irudi. Nikakumwagia yote, ya Zuhura na ya mtoto, kama mtu anayetupa karata zake mezani.

Ukaiweka pasi chini. Ukasema, "Najua, mama. Aliniambia kabla hajatuma mshenga. Nilimuuliza kama amewahi kuoa, akaniambia."

Nikakuuliza kwa hasira, kwa nini basi hukunieleza mimi, mpaka nikapanda basi kwenda kuaibika kwa watu.

Ukasema, "Hukuniuliza, mama. Ulikuwa unanichunguza tu."

Hukusema kwa ufidhuli. Ungesema kwa ufidhuli ningekuwa na la kushika. Ulichukua pasi yako ukaendelea, na mimi nikaenda nje nikakaa. Nilikumbuka miezi ile yote nilivyokuwa nikitazama viatu vyako kama vina vumbi la njia nisiyoijua, nilivyokuwa nikinusa kanga zako ukitoka hospitali. Swali moja tu sikuwa nalo. Wewe, mtoto, ulikuwa nalo siku ya kwanza, ukalitoa, na mtu akakujibu. Sijui ulilitoa wapi. Kwangu hukulipata.

Ndipo nikasema posa ipokelewe.

Juzi baba yako alipokuja kukaa uwalii wa ndoa yako, nilimpelekea kahawa mwenyewe, na watu wakatazamana. Nikamuuliza, baada ya miaka yote hii, kwa nini hakuniambia kwamba alikuwa kwa Mwanate. Hakushtuka. Alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari ya kukoroga, akasema, "Ungeniacha niende?" Nilitaka kusema ndiyo. Nikarudi na sinia yangu. Nakuandikia hili ulijue: kuna watu wanaokuficha kwa ubaya, na kuna wanaokuficha kwa sababu umeufanya ukweli kuwa ghali. Mimi nilikaa na huyu wa pili nikamtendea kama yule wa kwanza.

Sasa kuhusu jiko lenyewe, maana utaishi nalo. Litumie. Nakwambia mimi niliyelichukia kabla sijaliona. Tazama macho yangu, jinsi ninavyoisogeza karatasi hii mbali ili niione. Huo ni moshi wa mafiga ya mama yangu na wa seredani yangu, miaka kwa miaka. Wewe macho yako yatabaki yako. Hutainama mpaka kiuno kikatae. Alfajiri utapasha uji bila kukaa unapuliza. Watakwambia wali wa stima hauna ladha, na ni kweli, una upungufu wa kitu, nimeuonja. Kula hivyo hivyo. Na Mungu akikujaalia, mwanao atatambaa kwenye sakafu ile na hutashtuka kila anapokuwa kimya. Jiko lile limejengwa kwa sababu hiyo tu. Mshenga alikuwa anatuambia siku nzima, mimi nikasikia mtu anayenadi bidhaa.

Lakini usidhani nimetua moyo. Sijatua. Bado namshuku mumeo. Leo alipoleta zawadi za wazee nilitazama kama ametuletea kilicho bora au kilichobaki. Namshuku na Bi Fatuma kwa lile dirisha alilolifunga. Nashuku hata hiyo kazi ya stima, mtu kushika kitu kinachoua na hakionekani. Nitakuwa hivi mpaka nife, na ukija kunitembelea nitakutazama mikono kama imechoka kupita kiasi. Ninachokuomba ni usiurithi mwendo huu. Siku utakayosikia harufu usiyoijua, ya aina yoyote ile, uliza siku hiyo hiyo, hali bado hujaitungia jambo. Na yeye akikuuliza wewe, jibu, hata kama jibu litamwuma. Akienda uani kukaa juu ya kinu, usimfuate na usimhesabie. Ukishindwa kuvumilia, mwambie kwamba umeshindwa. Usimwandalie chakula kwa maneno ya miiba.

Na Zuhura, mpe salamu yake kila asubuhi kama mkubwa wako. Hayo tu. Mengine yatakuja au hayatakuja.

Wanawake wameacha kucheka, nadhani hina inakauka na wanakulisha, kwa vile mikono yako haishiki kitu. Nitatoka sasa hivi kabla hawajaja kunitafuta.

Kesho asubuhi, kabla hawajaanza vigelegele, nitakuita chumbani na nitakuuliza jambo moja kwa mdomo wangu: unaogopa? Sitakutazama mikono wala macho. Ukisema huogopi, nitaamini, nitakuombea dua, utakwenda. Desturi yetu mama hamsindikizi mwari, hukaa nyumbani akapokea pole, na watu wana ndimi. Lakini ukiniambia unaogopa, nitajifunga kanga, nitapanda basi lenu, nitakaa karibu nawe mpaka Horohoro pale mpakani, au mpaka hapo utakaponiambia, mama, sasa shuka.

Mama yako,
Rukia